Acheni Kulisha Mto, Lisheni Madondo

Nairobi yote inajua Kiamaiko kwa kitu kimoja: mbuzi. Wanashuka kwa malori kutoka Marsabit, Isiolo, Moyale, Wajir na Garissa, wanachinjwa hapa, na kabla jua halijakolea nyama ishatawanyika hadi Eastleigh na katikati ya mji. Nyama ina bei. Ngozi ina bei. Kichwa na miguu zina watu wao wa supu. Matumbo yanaoshwa yanauzwa. Kwa huyo mbuzi mzima, kitu kimoja tu ndicho hakina mwenyewe: samadi yake, pamoja na ile nyasi iliyosagwa nusu inayotolewa tumboni. Hiyo tunaisukuma kwa mtaro, mtaro unaisukuma kwa Mto Mathare, na mto unawapelekea watu wa Korogocho na Dandora salamu zetu.

Sasa geuka upande wa pili wa barabara. Mama mboga anapima madondo kwa kikombe, na kila mwezi kile kikombe kinaonekana kimezeeka na kupungua. Mengi ya madondo hayo yametoka Tanzania na Uganda, kwa sababu shamba la Kenya halitoshi kujaza sufuria za Kenya. Mkulima wa kawaida nchini anavuna chini ya magunia matatu ya kilo 90 kwa ekari, na mmea huo huo ukitunzwa vizuri unaweza kuzaa mara mbili au tatu ya hiyo.

Nasema bila kuzunguka mbuyu: njaa ya udongo wa nchi hii na uchafu wa mto wetu ni hadithi moja. Kile shamba linakililia, sisi tunakizamisha. Na vijana wa Kiamaiko, Huruma na Mathare ndio tungekuwa wa kwanza kukamata hii kitu, lakini tumekaa tukingoja mtu wa mradi aje na fulana.

Mbolea ya gunia ilituonyesha dharau

Mnakumbuka 2022. Gunia la kilo 50 la mbolea lilipita shilingi 6,000, wazee wa ushago wakaanza kupiga simu mjini kuomba. Serikali ikaleta ya ruzuku, ikashuka hadi 3,500, halafu 2,500 mwaka uliofuata. Watu wakashukuru. Kufika 2024, kukazuka kashfa: kuna wakulima walikuwa wameuziwa magunia ya ruzuku ambayo ndani hayakuwa mbolea ya maana. Mtu amepanda, mvua imekuja, na chini ya mbegu amezika vumbi.

Sisemi mbolea ya kiwandani ni sumu. Huo ni uongo wa watu wa video za dakika moja. Ninachosema ni kwamba nchi inayotegemea gunia moja kutoka ng'ambo kwa kila chakula chake imejifunga kamba shingoni na kumpa mtu mwingine ashike mwisho wake. Halafu kuna kitu ambacho gunia halina hata likiwa halali kabisa: halina uhai. Linaweka chumvi za virutubisho kwa udongo, basi. Halishiki maji. Halifanyi udongo mgumu ulegee. Ukimwaga mbolea kwa udongo uliokufa, mvua kubwa ya kwanza inaondoka na pesa yako.

Fangasi si ya vidole vya miguu tu

Ukisikia neno fangasi, akili inakimbia kwa viatu vya shule. Tulia. Kuna kuvu inayoishi kwa mizizi ya mimea mingi sana duniani, wataalamu wanaiita mikoraiza, na imekuwa na mimea kwa zaidi ya miaka milioni 400. Visukuku vilivyopatikana Rhynie, Scotland, vinaionyesha tayari imekaa ndani ya mimea ya zamani, wakati ambapo nchi kavu ilikuwa bado haina miti ya kueleweka.

Kazi yake ni kama ya bodaboda. Mzizi wa dondo ni kama lori: unafika barabara kubwa tu, kwa vichochoro haupiti. Kuvu inatoa nyuzi nyembamba kuliko unywele wako mara nyingi, zinaingia kwa nafasi ndogo kati ya chembe za udongo, zinachota fosforasi, zinki na maji, zinarudisha kwa mmea. Mmea nao unalipa nauli kwa sukari iliyotengenezwa na jua. Nauli hiyo inaweza kufika asilimia 20 ya sukari yote ya mmea. Mmea hauna ujinga. Haungelipa hiyo yote kama mzigo haufiki.

Kwa jamii ya kunde, maana yake maharagwe, kunde zenyewe, ndengu, njahi, mbaazi na minji, mambo yanakuwa matamu zaidi. Hii mimea ina rafiki wa pili: bakteria wanaoitwa raizobia. Wanajenga vinundu vidogo kwa mizizi, na humo ndani wanachukua nitrojeni ya hewa na kuigeuza chakula cha mmea. Hewa unayovuta sa hii ni asilimia 78 nitrojeni, bure, lakini hakuna mmea unaweza kuitumia hivyo ilivyo. Raizobia ndio fundi.

Hapa ndipo watu wengi wanakosa picha. Fundi huyo anakula sana. Kuvunja nitrojeni ya hewa ni kazi ngumu, na nguvu ya kuifanya inabebwa na fosforasi. Bila fosforasi, vinundu vinakaa vidogo, ukivipasua ndani ni vyeupe au vya kijani, hakuna kazi inaendelea. Vikiwa vinafanya kazi, ndani ni vya rangi ya waridi kama nyama. Sasa nani analeta fosforasi? Yule wa bodaboda, kuvu. Kwa hivyo kuvu inamlisha fundi, fundi anaulisha mmea, mmea unawalipa wote wawili kwa sukari. Watatu hawa wakielewana, dondo linajilisha sehemu ya mahitaji yake bila kukuomba pesa.

Na samadi inaingia wapi? Sikiza vizuri, kwa sababu wauzaji wa mtandaoni huwa wanaruka hapa. Kuvu hii haili samadi. Inakula sukari ya mmea. Samadi iliyooza vizuri, ile tunaita mboji, inajenga nyumba: inaufanya udongo uwe na matundu ya hewa, ushike maji kwa muda mrefu zaidi, na uachilie virutubisho pole pole. Udongo wa Eastlands ni ule mweusi wa pamba, unajua wenyewe: mvua ikinyesha ni gundi, jua likitoka unapasuka kama kisigino. Hakuna nyuzi ya kuvu itajenga mtaa humo kama hujaulegeza na mboji.

Shida ya magunia ya sukuma

Baada ya vurugu za uchaguzi za 2007 na 2008, bustani za magunia zilienea Kibera, Mathare na mitaa mingine. Zilisaidia watu, na nawavulia kofia waliozileta. Lakini tazama tulipanda nini, na tunapanda nini mpaka leo: sukuma na spinachi, sukuma na spinachi, mwaka baada ya mwaka, gunia lile lile.

Sukuma na kabichi ni wa ukoo ambao haushirikiani na mikoraiza. Spinachi pia, na hata terere, hawana habari na hii kuvu. Ukipanda hizo peke yake kwa gunia moja miaka mitatu, kuvu inakaa bila mwenyeji, haina wa kuilipa sukari, inapungua mpaka inaisha. Halafu unasema udongo "umechoka". Haujachoka. Umeunyima watu wa kuufanyia kazi, ukabaki unadai mshahara wao.

Siwaambii muache sukuma. Mtaa bila sukuma hautaamka Jumatatu. Nasema mpishane. Msimu mmoja sukuma, msimu unaofuata kunde au maharagwe, kando weka kitunguu, ambacho kinaelewana na kuvu sana. Kunde kwa gunia ni akili: wiki ya tatu au ya nne unaanza kuchuma majani ya mboga, ukiiacha inakuletea mbegu, na kiangazi hakiitishi haraka. Zaidi ya hapo, kunde haina maringo, inakubali raizobia wengi wanaopatikana kwa udongo wa kawaida. Mizizi yake ikibaki na kuoza humo, sukuma ya msimu ujao inakula mabaki.

Na wewe wa chupa ya maajabu, kaa hapo

Mmeona zile posti. Chupa moja, kijiko kimoja, "mavuno mara tano". Eti ndani kuna kuvu na bakteria wa kuamsha udongo. Kuanzia 2009, mradi wa utafiti wa COMPRO ulipima bidhaa zaidi ya 100 za aina hizi Kenya, Ethiopia na Nigeria. Chache tu ndizo zilionyesha kazi ya kueleweka. Zilizofanya vizuri ni zile za raizobia kwa jamii ya kunde. Hapa kwetu tuna Biofix, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na hiyo unapaka kwa mbegu kabla ya kupanda. Hiyo ni sayansi ya nyumbani, imefanyiwa kazi.

Lakini kuvu kwa chupa? Kuvu hii haikui bila mzizi ulio hai. Ikikaa dukani kwa joto miezi mingi, unaweza kuwa unanunua maiti. Na hata ikiwa hai, haiundi fosforasi kutoka hewani. Inaichota tu pale ilipo. Kwa udongo usio na kitu, bodaboda itaenda na kurudi mikono mitupu. Ndiyo maana samadi lazima iwepo, na ndiyo maana anayekuuzia chupa bila kukuambia habari ya mboji anakuuzia dereva bila petroli.

Najua mtasema nini

"Ni uchafu, italeta magonjwa." Ikiwa mbichi, ndio, kabisa. Samadi na majani ya tumboni moja kwa moja kwa mboga ni kutafuta kuhara. Ndiyo sababu inaozeshwa kwa joto. Lakini niulize: ikiwa mtoni, imekuwa safi? Watoto wanacheza kando ya huo mto. Uchafu haupotei kwa sababu umeusukuma mahali huuoni.

"Udongo wa huku una risasi." Hoja ya maana, na yeyote anayeipuuza anacheza na watoto wa wenyewe. Mwaka 2007 shirika la UNEP lilitoa ripoti kuhusu jaa la Dandora: kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na risasi kwa damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Kwa hivyo usipande kando ya jaa, usipande kando ya mto, usichote udongo hapo, na usimwagilie maji ya mto. Gunia linakupa nafasi ya kuchagua udongo.

"Hatuna nafasi." Ploti zetu zimebanana, kweli. Lakini usikimbilie kupakia magunia ya udongo mbichi juu ya paa. Huruma tulizika watu baada ya jengo kuanguka Aprili 2016, tusicheze na uzito. Tafuta chini: kona ya shule, uwanja wa kanisa au msikiti, ukuta wa ploti kama landilodi anakubali. Sehemu ndogo inatosha kuanza.

"Gunia moja la kunde halitalisha familia." Halitalisha. Hiyo kunde ni shule yetu, na mboga ya mara mbili tatu kwa wiki. Mali halisi ni mboji. Nairobi imezungukwa na wakulima wa Kiambu, Machakos na Kajiado wanaonunua samadi kwa lori. Samadi ya mbuzi ni kavu, nyepesi kubeba, na kwa kilo huwa na nitrojeni kuliko ya ng'ombe. Kikundi cha vijana kikipewa nafasi na mikokoteni miwili, hiyo ni kazi kila siku mbuzi wanachinjwa. Na Kiamaiko, ni siku gani hawachinjwi?

Kaunti, hapa ni kwenu

Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015. Bunge likapitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, inayosema taka inayooza itenganishwe na isiyooza. Kwa karatasi tuko sawa kuliko miji mingi. Kwa mtaro, kila kitu bado kinashuka pamoja: damu, samadi, chupa, pampasi.

Oktoba 2024 serikali kuu ikaanzisha Climate WorX, vijana wa mitaa ya kando ya mito wakapewa kazi ya kusafisha. Poa, watu wapate kitu. Lakini niambie hesabu hii: kijana analipwa kutoa uchafu mtoni chini, na juu yake uchafu mpya unaingia kila asubuhi. Ni kama kukausha sakafu na mfereji uko wazi. Mwezi Mei mwaka huo huo watu walibomolewa nyumba kando ya Mto Mathare baada ya mafuriko, wakiambiwa mita 30 ni za mto. Haya, kama mto una haki ya mita 30, una haki pia ya kutokulishwa matumbo.

Sitaki mkutano hotelini. Nataka vitu vitatu. Moja: kila machinjio yawe na sehemu kavu ya kukusanyia samadi na majani ya tumboni, kabla maji hayajamwagwa. Ikishachanganyika na maji na damu, umeipoteza. Mbili: kipande cha ardhi ya umma, mbali na mto na mbali na jaa, cha kuozeshea. Tatu: vikundi vya vijana wa hapa wapewe hiyo kazi, wasije wenye malori kutoka mbali tukabaki kupiga picha.

Tukingoja, tuanze hivi

Mboji kwanza. Debe moja la samadi, debe moja hadi mawili ya vitu vikavu: majani makavu, katoni zilizoraruliwa, vumbi la mbao kidogo kutoka kwa seremala. Majani ya tumboni yana maji mengi, yaongezee vikavu zaidi. Rundo liwe angalau mita 1 kila upande, dogo halipati joto. Liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Joto ndani lifike nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na ulipindue angalau mara 5 katika hizo siku. Nunua kipimajoto, usikisie kwa kidole. Halafu liache litulie miezi miwili au mitatu, mpaka linukie kama ardhi baada ya mvua. Kama bado linanuka machinjio, halijaiva.

Kuvu unaweza kukuza mwenyewe. Kata mtungi wa lita 20, toboa chini, jaza mchanga na udongo safi nusu kwa nusu. Chukua konzi kadhaa za udongo pamoja na vimizizi kutoka chini ya nyasi za zamani ambazo hazijalimwa wala kupigwa dawa, changanya. Panda mtama na kunde humo. Usitie mbolea, ukishibisha mmea fosforasi hauna haja ya kuita bodaboda. Baada ya miezi mitatu au minne, acha kumwagilia wiki mbili, kata juu, katakata mizizi, changanya na udongo wake. Konzi moja chini ya kila mbegu ya dondo.

Kwa gunia, sehemu tatu za udongo kwa moja ya mboji, inatosha. Ukizidisha, maharagwe yanafanya majani makubwa na kusahau kuzaa, na vinundu vinalala kwa sababu nitrojeni iko mezani tayari. Epuka mbegu zilizopakwa dawa ya rangi, dawa nyingi za hizo zinaweza kuumiza raizobia. Ukivuna, kata shina, acha mizizi chini.

Wiki ya sita, ng'oa mmea mmoja mbele ya wasee wote, pasua kinundu. Kikiwa na rangi ya waridi, mjue kazi inaendelea. Kikiwa cheupe, rudini kwa mboji, mtafute kosa liko wapi.

Watu wazima wa hapa wamejua kumtumia mbuzi kuanzia pembe hadi kwato. Kimebaki kipande kimoja tu, na kipande hicho ni chetu sisi vijana, kwa sababu hakuna mwingine amekidai. Kesho asubuhi malori yatashuka tena. Kabla mfereji haujafunguliwa, nenda na debe.